Maswali Yenu: Rubani Mchovu, Mnara na Neno Lililosikika Nusu

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu usafiri wa anga. Barua nyingi zilizotoka Mtwara na Lindi, kila moja kwa njia yake, ziliuliza jambo lile lile: nini hutokea rubani anapokuwa amechoka, au yeye na mwongoza ndege aliyeko mnarani wanapozungumza bila kuelewana, hasa ndege inapokuwa juu ya njia ya kurukia au inapoikaribia. Nimechagua barua tano. Nilifanya kazi mnarani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mikindani, kwa hiyo ninajibu nikiwa mtu aliyewahi kushika kipaza sauti kile na, sioni haya kusema, aliyewahi kusinzia akiwa nacho mkononi.

Mfanyabiashara wa korosho, Mtwara mjini, anauliza: Msimu uliopita nilikuwa narudi nyumbani kwa ndege. Tulikuwa tumeshashuka kiasi cha kuona minazi na mabati ya nyumba, mara ndege ikanyanyuka kwa nguvu, injini zikanguruma, tukazunguka angani ndipo tukatua. Rubani alitutangazia kwamba njia haikuwa wazi. Abiria aliyekaa jirani yangu alidai kwamba rubani na mnara hawakuelewana. Je, inawezekana watu waliosomea kazi hiyo, wanaozungumza lugha moja ya Kiingereza, wasielewane katika jambo kubwa namna hiyo?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza nikuondoe hofu. Kukatisha kutua na kupaa tena ni utaratibu ambao marubani huufanyia mazoezi mara kwa mara, na yule aliyewarudisha juu siku ile alifanya kazi yake kama inavyotakiwa. Huenda palikuwa na ndege iliyochelewa kuondoka, gari la wakaguzi, au hata mbuzi. Mimi humwogopa zaidi rubani anayeona aibu kupaa tena kwa kuwa abiria watanung'unika.

Kuhusu kutoelewana, jibu langu ni kwamba inawezekana kabisa, na mara nyingi sababu si uhaba wa Kiingereza. Chukua neno letu la kila siku, "nakuja". Unamsubiri mtu stendi, unampigia simu, anakujibu "nakuja", kumbe bado anaoga kwake Shangani. Hajasema uongo. Katika Kiswahili "nakuja" humaanisha kwamba niko njiani, na humaanisha pia kwamba nitaondoka sasa hivi. Anayesikia huchagua maana, na aliyechoka kusubiri huchagua ile inayomfurahisha. Neno la namna hiyo lilikuwamo katika ajali iliyoua watu wengi kuliko ajali nyingine yoyote ya ndege.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife kilicho chini ya Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na ndege zilizokuwa zikienda huko zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja wenye njia moja tu ya kurukia. Maegesho yalijaa hadi ndege zikasimamishwa juu ya njia ya kiungio, yaani ile inayopita kando na kuunganisha maegesho na njia ya kurukia, kwa hiyo ndege iliyotaka kuondoka ililazimika kutembea juu ya njia yenyewe ya kurukia hadi mwisho wake, kisha igeuke. Saa zikapita, ukungu ukashuka. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zikawa juu ya njia moja kwa wakati mmoja: ile ya KLM imeshafika mwisho na kugeuka, ile ya Pan Am ikiwa bado inatembea ukunguni ikitafuta mchepuko wa tatu ili itoke. Aliyekuwa mnarani hakuweza kuziona, na uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizoko ardhini.

Rubani mkuu wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mgeni wa kazi. Yeye ndiye aliyesimamia mafunzo ya marubani wa ndege hizo katika kampuni yake. Lakini sheria za Uholanzi kuhusu saa za kazi za marubani zilikuwa kali, na kama wangeendelea kukaa pale, safari ingevunjika na mamia ya abiria wangetafutiwa mahali pa kulala. Mnara ukawapa maelekezo ya njia watakayofuata angani baada ya kuruka. Hayo hayakuwa kibali cha kuruka, ila neno la kuruka lilikuwamo ndani yake. Rubani msaidizi akayarudia, na mwishoni akaongeza maneno yanayoweza kueleweka kuwa "tupo hapa, tayari kuruka" au kuwa "sasa tunaruka". Ndiyo ile "nakuja" ya mtu wa Shangani. Mwongoza ndege akashika maana ya kwanza, akajibu "okei", kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Papo hapo marubani wa Pan Am, ambao wasiwasi ulishawaingia, wakasema redioni kwamba wao bado wapo juu ya njia. Redio ya ndege haiwezi kupokea sauti mbili katika masafa yale yale kwa pamoja. Zikigongana, hutoka mlio mkali. Katika chumba cha marubani wa KLM kilichosikika wazi kilikuwa "okei", na baada yake mlio. Watu 583 walikufa, na wote 248 waliokuwa ndani ya ndege ya KLM walikuwa miongoni mwao.

Kuna jambo moja dogo katika ajali hiyo ambalo huwa linanirudia. Ndege ilipokuwa imeshaanza kukimbia, mhandisi aliyekaa nyuma ya marubani wa KLM aliuliza iwapo yule wa Pan Am hajatoka njiani. Rubani mkuu alimjibu kwa mkazo kwamba ametoka. Hebu lilete swali hilo katika Kiswahili: "Hajatoka?" Ukijibu "ndiyo", umesema nini? Kwetu umekubali kwamba hajatoka, na kwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza umesema ametoka. Mimi mnarani nilijizoesha kutouliza kamwe swali la kukanusha, hata kwa vijana wa magari ya zimamoto niliozungumza nao Kiswahili.

Baada ya Tenerife neno la kuruka lilitengwa. Halitamkwi redioni isipokuwa kibali chenyewe cha kuruka kinapotolewa au kinapofutwa, na katika maelekezo mengine yote hutumika neno la kuondoka. Vilevile rubani anapoambiwa asimame kabla ya njia ya kurukia, aingie, aivuke, aruke au atue, hawezi kujibu "okei" wala "roja". Ni lazima arudie maagizo yenyewe, pamoja na namba ya njia na jina la ndege yake, na mwongoza ndege asikilize marudio hayo kwa makini kama alivyotoa agizo. Wewe umekaa sana kwenye maghala ya vyama vya msingi, kwa hiyo hili si geni kwako: anayesoma mizani hutaja kilo, karani huzitaja tena kwa sauti kabla ya kuandika, na mkulima huwa amesimama hapo akiwasikiliza wote wawili. Karani akiitikia "haya" tu na kuinamia daftari, mkulima mwenye akili haondoki.

Dereva wa basi la Mtwara na Dar es Salaam anauliza: Usingizi naujua. Alfajiri ukishapita Somanga kuelekea Nangurukuru, macho yanajifunga yenyewe. Lakini rubani ana mwenzake pembeni, ana mtambo unaoiendesha ndege, na akifika analala hotelini. Sasa uchovu unamfikaje?

Jibu: Unamfika kama unavyokufika wewe, kaka, kwa kuwa mwili ni ule ule. Ndani ya mwili kuna saa inayofuata jua na isiyojua ratiba ya kampuni, na kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri saa hiyo hushusha umakini wa mtu hata kama mchana alijilaza. Ongeza hapo muda aliokaa macho. Wanasayansi wa Australia walichapisha utafiti mwaka 1997 ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hutenda kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Polisi wa barabarani wana kifaa cha kupima pombe. Cha kupima usingizi hawana, na mchovu hanuki.

Mtambo unaojiendesha humpunguzia rubani kazi ya mikono na kumwachia kazi ya kukaa akitazama, ambayo kwa kuleta usingizi haina mfano. Mwenzake wa pembeni naye, kama wote wawili waliamshwa saa tisa usiku, ni mchovu wa pili tu. Tarehe 22 Mei 2010 ndege ya Air India Express iliyotoka Dubai ilipitiliza njia ya kurukia ya Mangalore, India, ikaporomoka bondeni, na watu 158 wakafa. Kinasa sauti kilikuwa kimenasa mkoromo wa rubani mkuu, aliyelala kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ya usiku. Aliamka, akaongoza ndege kutua akiwa bado na ule uzito wa kichwa unaomshika mtu aliyetoka usingizini, na ingawa mwenzake alimwambia wapae tena, aliendelea kushuka.

Hata hivyo, kusinzia hadi kukoroma si jambo ninaloliogopa kuliko yote, maana anayekoroma angalau anajulikana kuwa amelala. Ninaloliogopa ni akili iliyochoka ambayo inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa akili hiyo huacha kusikia kilichosemwa ikasikia ilichotarajia, na huacha kuona kilichopo ikaona ilichokizoea. Usiku wa tarehe 7 Julai 2017 ndege ya Air Canada iliyotoka Toronto ikiwa na watu 140 ilikuwa inakaribia kutua San Francisco. Njia mbili za kurukia huko hukaa sambamba, na usiku ule moja ilikuwa imefungwa na taa zake kuzimwa. Marubani walizoea kuona mistari miwili ya taa na kutua kwenye ule wa kulia. Waliona mistari miwili, wakaelekea ule wa kulia. Lakini mstari huo ulikuwa njia ya kiungio, na juu yake zilikuwa zimejipanga ndege nne zenye abiria na mafuta tele zikingoja kuondoka.

Waliziona taa za ndege hizo, wakauliza mnara kama njia iko wazi. Mwongoza ndege aliitazama njia halisi ya kurukia, akaona ni tupu, akawajibu kwa usahihi kwamba iko wazi. Swali lilikuwa sahihi na jibu lilikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia barabara yake. Rubani wa ndege ya kwanza katika msururu ndiye aliyepaza sauti redioni kwamba yule anakuja juu ya njia ya kiungio. Ndege ikapaa tena baada ya kushuka hadi kiasi cha mita 18 kutoka ardhini. Rubani mkuu alikuwa amekaa macho kwa zaidi ya saa 19. Saa za San Francisco zilikaribia saa sita usiku, lakini mwili wake ulikuwa bado uko Toronto, ambako saa tisa usiku ilikuwa inagonga.

Wala usidhani uchovu ni wa walioko juu peke yao. Tarehe 27 Agosti 2006 huko Lexington, Marekani, marubani walikosea njia wakaruka kutoka kwenye njia fupi isiyowatosha, na watu 49 kati ya 50 wakafa. Kosa lilikuwa lao. Lakini mnarani alikuwamo mtu mmoja tu wa zamu, aliyekuwa amelala kwa muda wa saa mbili hivi kati ya zamu moja na nyingine, na baada ya kutoa kibali aligeukia kazi za makaratasi. Hakuna sheria aliyoivunja kwa kugeuka. Nami nimegeuka hivyo mara nyingi, usiku wa namna hiyo, na Mungu akanisitiri.

Kuhusu dawa, ninyi barabarani mna karanga, redio ya sauti kubwa na maji ya baridi usoni. Vyote hivyo vinakusogeza kilomita chache mbele. Kahawa husaidia kwa muda, ikipewa nusu saa ya kuingia mwilini. Kinacholipa deni ni usingizi wenyewe, hata ukiwa mfupi: uchunguzi wa NASA uliochapishwa mwaka 1994 uliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya kupumzika dakika 40 kwa zamu, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ukawa bora mwishoni mwa safari kuliko wa wenzao walionyimwa nafasi hiyo. Ziko nchi zinazoruhusu jambo hilo kwa masharti, mmoja akilala na mwenzake akiwa macho. Mimi naliunga mkono, kwa sababu rubani asiporuhusiwa kulala kwa mpango atalala bila mpango.

Mama wa Lindi mjini anauliza: Kijana wangu ni rubani msaidizi. Akipewa siku mbili za mapumziko huja nyumbani, na hapo ndipo shughuli zinapoanza: wageni tangu asubuhi, arobaini ya jirani, na msimu wa jando na unyago ngoma hadi kuche. Anaondoka akiwa amechoka kuliko alivyokuja. Je, ni vibaya nikiwazuia watu? Tena ananiambia kwamba wakati mwingine humwona rubani mkuu anakosea lakini huona uzito kumsemesha mtu mzima.

Jibu: Mama, wazuie. Sheria za kazi za marubani hupima muda wa mapumziko, lakini hakuna sheria inayoweza kupima usingizi uliolalwa ndani ya muda huo. Marekani, baada ya ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50, ilitunga kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014, zinazomtaka rubani wa abiria apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Katika ajali ile ndege ilikuwa inakaribia kutua usiku, na rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kama abiria kutoka Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi, ili afike kituo chake cha kazi. Kwa hesabu za karatasi alikuwa ametoka mapumzikoni. Kijana wako anayecheza ngoma hadi kuche kisha akapanda ndege kurudi kazini yuko katika hali hiyo hiyo.

Najua kwetu si rahisi kumwambia mtu aliyetembea kutoka Ng'apa au Mingoyo kwamba mwenyeji amelala. Mimi nilipokuwa kazini, mama yangu alikuwa akiwakaribisha wageni barazani, anawapa uji, anawaambia mtoto yuko zamu ya usiku ataonana nao jioni, na hakuna aliyekasirika. Mpe chumba cha nyuma, pazia zito, na simu yake ikae kwako. Arobaini aende, asalimie, arudi. Ngoma ya usiku wa kuamkia zamu aiache. Na siku akiamka hana nguvu za kurusha ndege, aseme. Kanuni za usafiri wa anga zinamkataza kuingia kazini akijijua hafai, na kusema hivyo ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo kukagua mafuta.

Hilo la kuogopa mkubwa ni zito zaidi. Tumelelewa kumwamkia mkubwa na kumwachia neno la mwisho, na mimi sitaki malezi hayo yafe. Lakini mhandisi wa KLM aliuliza mara moja, akajibiwa kwa mkazo, akanyamaza, na yule wa Mangalore alisema kupaa tena lakini usukani hakuushika. Kwa sababu ya vifo hivyo marubani siku hizi hufundishwa kwamba mdogo ana wajibu wa kusema, na mkubwa ana wajibu wa kumfungulia mlango wa kusema tangu kabla ya safari. Heshima haiondoki kwa hilo. Mwambie mwanao amwamkie mzee wake vizuri wanapokutana asubuhi, kisha wakiwa njiani aseme kwanza anachokiona: "Kapteni, hatujapewa kibali." Asipoitikiwa, aseme kinachotakiwa kufanyika: "Kapteni, tusimame." Asipoitikiwa tena, breki ziko miguuni pake pia.

Mwalimu mstaafu, Newala, anauliza: Ukungu naujua, kwa kuwa huku kwetu ukingoni mwa uwanda wa juu kuna asubuhi ambazo huwezi kuona Bonde la Ruvuma kabisa. Lakini ajali unazozitaja ni za zamani. Kwa rada na kompyuta za leo, je, ndege mbili zinaweza bado kukutana juu ya njia moja?

Jibu: Mwalimu, zilikutana tarehe 2 Januari 2024, usiku usio na ukungu, katika uwanja wa Haneda jijini Tokyo, ambao ni miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi na vifaa bora duniani. Ndege ya Walinzi wa Pwani ya Japani ilikuwa inapeleka misaada kwa waliopigwa na tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia. Mnara uliiagiza isogee hadi mahali pa kusubiri kando ya njia, ukaongeza kwamba ni ya kwanza, kwa maana ya kwanza katika foleni ya kuondoka. Rubani akarudia maagizo yale kwa usahihi, kisha akaingia moja kwa moja kwenye njia ya kurukia na kusimama hapo kwa sekunde 40 hivi, hadi ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 ilipotua juu yake. Hao 379 wote walitoka kabla moto haujaimeza ndege yao, jambo linalostahili makala yake peke yake. Katika ndege ya Walinzi wa Pwani walikuwamo sita, na watano walikufa.

Tazama vilivyokuwapo. Skrini ya mnarani ilitoa onyo kwamba njia ina ndege, na hakuna aliyeligundua. Taa nyekundu za ardhini za kuzuia ndege isivuke mahali pale zilikuwa katika matengenezo. Na marudio ya maneno, niliyoyasifu hapo juu mbele ya ndugu yetu wa korosho, yalifanyika bila kosa, kwa hiyo nami inanibidi nikiri kwamba hayatoshi. Mdomo ulirudia "mahali pa kusubiri", ila kichwa kilichokuwa na haraka ya kufikisha misaada kilibaki na "wa kwanza". Baadaye waongoza ndege wa Japani waliagizwa kwa muda kuacha kutaja nafasi ya ndege katika foleni. Mimi nilipokuwa kazini niliwataja marubani nafasi zao kila siku, kwa nia njema, ili wasikae roho juu.

Kwa viwanja vyetu vya kusini, ambako ndege kwa siku huhesabika kwa vidole, hatari ya msongamano kama wa Tokyo haipo. Iliyopo ni ya mazoea: mwongoza ndege anayejua kwamba saa hizi hakuna ndege nyingine, rubani anayejua hivyo hivyo, na siku moja ikawepo. Kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara marubani hutangaza wenyewe redioni walipo na wanachokusudia, na wengi hupita kwanza chini juu ya njia kuitazama kabla ya kutua, kwa kuwa ng'ombe na bodaboda hawana redio.

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Masasi, anauliza: Shikamoo babu. Nataka kuwa mwongoza ndege. Kwa nini katika viwanja vyetu wasizungumze Kiswahili, ili wasikosee? Na je, wanatumia saa za kwetu?

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya nchi itumike, ila Kiingereza lazima kiwepo kwa anayekihitaji, na tangu mwaka 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa lugha hiyo kwa ngazi sita, ya nne ikiwa ndiyo ya chini inayokubalika. Lakini sababu ninayoiona kubwa ni nyingine. Katika masafa ya redio kila rubani husikiliza mazungumzo ya wenzake, na kwa kuyasikiliza hujua nani yuko wapi. Yule rubani wa San Francisco aliyepaza sauti, na wale wa Pan Am walioingiwa na wasiwasi, walijua kuna hatari kwa kuwa walielewa yaliyokuwa yakisemwa kwa wengine. Tukizungumza Kiswahili na rubani wetu, rubani mgeni anayekuja nyuma yake anakuwa kiziwi. Hata Kiingereza chenyewe kimepindishwa ili kisikike vizuri: tisa hutamkwa "naina", na tano "faifu", kwa sababu katika redio yenye mikwaruzo maneno hayo mawili ya kawaida hufanana.

Saa za kwetu hazitumiki kabisa. Anga lote la dunia hutumia saa moja, iliyo nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu. Unaposema saa mbili asubuhi hapo Masasi, saa ya ukutani inasoma 0800, na rubani anaandika 0500. Utazoea katika wiki ya kwanza ya chuo, ingawa mimi hadi leo nikiamshwa ghafla hujikuta nikihesabu vidole.

Ukitaka kuanza mazoezi sasa, mwombe mwenzako akusomee maagizo manne kwa mkupuo mmoja: namba ya njia, mahali pa kusimama, nani umsubiri, na uelekeo utakaofuata baadaye. Yarudie bila kuandika, naye aweke alama unapokosea. Mara kwa mara abadilishe kitu kimoja tu katika agizo ulilolizoea bila kukuambia. Fanya zoezi hilo asubuhi ukiwa umelala vizuri, kisha ulifanye tena usiku baada ya kukesha na vitabu vya mtihani, na uniandikie ni lipi uliloliruka na ni lipi ulilolisikia bila kusemwa.